Viwili Kila Asubuhi

Sindeni, Handeni
Ijumaa, 7 Julai 2023

Mwanangu Maryamu,

Usishtuke kupata barua badala ya simu, hakuna aliyekufa. Shangazi yako Mwaija yuko hapa jikoni, anasonga ugali na kusema jambo ambalo silisikii, na hiyo ndiyo sababu ya barua yenyewe.

Jumanne niliamka kwa sala ya alfajiri nikakuta kimya. Nilidhani nimewahi mno. Nikatoka nje, nikamwona jogoo juu ya matofali ananyoosha shingo na kufungua mdomo, wala hakuna kinachotoka. Nikamcheka, nikadhani kapata mafua. Kisha nikakohoa mwenyewe. Kifua kilitikisika lakini sauti haikuja. Hapo nikakaa chini pale pale kwenye umande.

Unajua sikio la kushoto lilikufa na surua tangu nikiwa mdogo. Hili la kulia ndilo nililoishi nalo, na ndilo lililozima. Halina maumivu wala usaha. Ndani kunavuma tu, kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Shangazi yako anasema nimelala vibaya. Twaha anasema ni nta imeziba.

Simu nimemwachia Mwaija. Akikupigia sijui anasema nini wala wewe unajibu nini, na sipendi kusemewa kama mtoto. Zile meseji nazo siziwezi, kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu. Lakini kalamu naijua, nimekuwa karani wa chama cha ushirika miaka kumi na mmoja. Twaha anakuja huko Mkumbara kila Jumamosi na asali yake, atakuwa posta wetu.

Kinachonikera ni kimoja. Mwezi wa kumi, panapo majaliwa, nitaitwa kumwadhinia mjukuu. Miaka sita ya ndoa yako nimemsubiri mtoto huyo bila kukuuliza swali. Nataka nimsikie akilia, Maryamu. Mengine nitayazoea. Wewe ndiye mwenye duka la dawa, nitumie dawa.

Baba yako,
Mhina Mustafa


Mkumbara, Korogwe
8 Julai 2023

Shikamoo Baba,

Nimesoma habari za jogoo wako nikacheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Halafu nikasoma mwisho wa barua, nikaacha kucheka.

Baba, hiyo ni nta. Hapa dukani nawaona kila wiki, wazee kwa vijana, wanakuja wamejishika sikio wakidhani dunia imeisha. Nimempa Twaha chupa ndogo ya matone. Lala ubavu, shangazi akudondoshee matano, ukae robo saa. Fanya hivyo usiku mara tano au sita. Na tafadhali usijichokonoe na unyoya wa kuku, nakujua. Hospitali usijisumbue kwanza, utashinda kwenye foleni waje wakupe matone haya haya.

Mimi mzima. Mtoto anapiga mateke nikikaa, nikisimama analala, sijui kamrithi nani. Mkweo Ukasha yuko safarini na lori, anakusalimu. Dukani pamechangamka. Harusi za mwezi wa nane zinakaribia na kila binti anataka vidonge vya kunenepa apate shepu ya kuingilia ukumbini. Usiniulize zaidi ya hapo.

Utasikia tu, Baba. Wiki ijayo utanipigia simu unilalamikie bei ya matone.

Mwanao,
Maryamu


Sindeni
Ijumaa, 14 Julai 2023

Mwanangu,

Matone nimeyamaliza. Nimelala ubavu kama ulivyosema, shangazi yako kanidondoshea mpaka mto ukalowa. Hakuna nta iliyotoka. Leo ni siku ya kumi na moja.

Jana nilikwenda kwenye mizinga. Unakumbuka nilivyokufundisha, unagonga gogo kwa kifundo cha kidole kisha unaweka sikio. Nyuki wakiwa wengi wanakujibu kwa pamoja, wakiwa wamehama unasikia mbao tupu. Nimegonga mizinga yote ishirini na sita, mmoja mmoja. Yote ilinijibu sawa.

Watu sasa wananiandikia. Nimenunua daftari kubwa lile la jalada gumu, natembea nalo kwapani, mwenye neno ananiandikia humo. Mwaija asiyejua kuandika ananichorea. Jana kachora kitu nikadhani ni mbuzi, kumbe ananiuliza kama nataka chai. Lakini kuna uzuri wake. Hakuna neno linalopotea tena. Kila aliloniambia mtu limo, na tarehe naweka mwenyewe.

Twaha kaandika kwamba kuna daktari wa masikio anayekuja hospitali ya pale mjini Handeni mara moja kwa mwezi, na zamu yake ni Jumanne hii. Unasemaje?

Baba yako,
Mhina


Mkumbara
15 Julai 2023

Shikamoo Baba,

Nenda. Nenda bila kukosa. Kama kuna dawa ataandika, leta karatasi kwangu, usinunue kwingine maana huko siwajui.

Nisamehe kwa yale matone. Nilidhani ni nta.

Maryamu


Sindeni
Jumanne, 18 Julai 2023

Mwanangu Maryamu,

Nimerudi sasa hivi, hata kanzu sijavua. Daktari ni mama mmoja mpole, anaitwa Loyce. Kanichungulia sikio na taa, akasema ni safi kama la mtoto. Kaniwekea chuma kinachotetemeka nyuma ya sikio, kisha juu ya paji la uso. Halafu akalichukua daftari langu akaandika kurasa mbili nzima kwa mwandiko wa kusomeka, nami nikawa namjibu kwa mdomo, tukaongea hivyo karibu saa nzima.

Anasema mshipa wa ndani wa kusikia umepigwa ghafla, na sababu mara nyingi haijulikani. Dawa yake ni vidonge, na vinatakiwa mapema, wiki mbili za mwanzo ndizo zenye matumaini. Leo mimi natimiza wiki mbili. Akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamjibu shamba lilinibana.

Karatasi yake ni hii hapa. Twaha hasubiri Jumamosi, anaondoka kesho alfajiri kwa pikipiki kwa ajili ya jambo hili tu. Mpe dawa arudi nazo kesho hiyo hiyo.

Nina furaha kidogo leo, nakwambia kweli. Nimepita njiani nikijifanya tayari nasikia.

Baba yako,
Mhina


Mkumbara
19 Julai 2023

Shikamoo Baba,

Dawa zimo ndani ya kibahasha. Juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu, viwili kila asubuhi baada ya chai, siku saba. Usivinywe na tumbo tupu. Chumvi ipunguze sana kwa ajili ya presha yako, na ukiona kizunguzungu au miguu imevimba acha mara moja.

Karatasi ya daktari nimeibakiza hapa kwa kumbukumbu za duka.

Hizi si dawa za mchezo, Baba. Fuata nilivyoandika mimi.

Siandiki mengi. Kuna binti wa jirani anaitwa Edna, kaanguka akichota maji kisimani juzi, amelazwa, na mama yake ni rafiki yangu. Nimeshinda huko jana kutwa. Sina nguvu leo.

Maryamu


Sindeni
Ijumaa, 28 Julai 2023

Mwanangu,

Vidonge vimekwisha juzi Jumatano. Nimekunywa viwili kila asubuhi, kama kalamu yako nyekundu ilivyosema. Sikio halijarudi. Jumapili nilidhani nimesikia kitu, nikamshika Mwaija mkono nikamwambia nyamaza. Kumbe ni mvumo ule ule umebadilika.

Uso wangu umevimba, lakini si kwa dawa. Nilifungua mzinga nilioamua ni mtupu. Haukuwa mtupu. Nyuki wanapokasirika hutoa kwanza sauti fulani, na mtu mwenye akili huondoka hapo hapo. Mimi nilijua wamekasirika walipokuwa wameshanifika machoni. Twaha kanitoa miiba thelathini na moja, ananiandikia hesabu huku anacheka mshenzi yule.

Maryamu, nasoma barua yako ya tarehe kumi na tisa mara kwa mara. Ni fupi, na wewe si mtu wa barua fupi. Kama kuna jambo ungependa kuniambia, lolote, niandikie. Mimi sasa ni mtu wa kusoma tu, sina masikio ya kugombana na mtu.

Baba yako,
Mhina


Mkumbara
5 Agosti 2023

Shikamoo Baba,

Pole sana kwa nyuki. Nimemgombeza Twaha kwa kucheka.

Najua shangazi kakwambia. Ni kweli miguu imevimba na pete hainivuki kidole, lakini kliniki wamenipima wamesema mtoto yuko vizuri, nipumzike tu. Sikutaka uwe na mawazo mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana sikuandika. Hakuna jingine.

Habari za sikio, vuta subira. Dawa nyingine hufanya kazi taratibu hata baada ya kuziacha. Mwezi huu daktari akija rudi kwake akuangalie.

Edna bado yuko hospitali.

Mwanao,
Maryamu


Mkumbara
Ijumaa, 8 Septemba 2023

Baba, shikamoo,

Wiki iliyopita ulilala kwangu ukienda Moshi kwa sindano za sikio, na ulipokuwa unatawadha nilifungua faili lako. Nilitaka tu kuona Daktari Loyce, uliyemrudia mwezi wa nane, kaandika rufaa gani. Kaandika hivi, nimenakili: "Mgonjwa anakiri kwamba alipunguza dozi mwenyewe kutoka vidonge kumi na viwili hadi viwili kwa siku kwa kuogopa presha."

Uliporudi chumbani ukaniona nimesimama katikati ya chumba. Uliniuliza kama mgongo unauma, nikakubali kwa kichwa. Ukanikalisha kitandani, ukanisugua mgongo na mafuta ya karafuu, mimi nikiwa nalia na wewe husikii. Baba, wewe hukupunguza kitu. Ni mimi.

Karatasi ya daktari iliandikwa kumi na viwili kila asubuhi kwa siku saba, halafu kupungua kidogo kidogo wiki nyingine. Mimi nikakufungia viwili. Nikaibakiza karatasi ili usiione tena, nikadhani mwandiko wa daktari hukuuelewa.

Nitakwambia kwa nini, na sisemi ili unihurumie. Vidonge ulivyoandikiwa ndivyo vile wasichana wanavyonunua kwangu ili wanenepe. Ni dawa hiyo hiyo. Hairuhusiwi kuuzwa bila cheti, nami niliwauzia tangu mwaka juzi. Edna nilimuuzia tangu mwezi wa pili. Mashavu yakajaa, watu wakamsifia, akaniletea na shoga zake wawili. Mwezi wa saba akaacha ghafla, mwili ukakosa nguvu, akaanguka kisimani. Hospitalini wakamwambia mama yake kwamba dawa ile imeufanya mwili usahau kujiendesha wenyewe. Mama yake hakujua imetoka wapi. Alinishika mikono akaniomba mimi nimweleze, kwa kuwa mimi najua dawa.

Siku mbili baadaye Twaha akaweka karatasi yako mezani. Nikaona jina lile lile. Kumi na viwili kwa siku, kwa mzee mwenye presha, baba yangu. Nikajiambia daktari kakosea.

Lakini namba ya simu ya daktari ilikuwa chini ya karatasi, Baba. Nilikuwa na simu mkononi. Sikumpigia, kwa sababu nilijua ataniuliza duka langu dogo lina dawa hizo kwa ruhusa ipi. Kwa hiyo nilijiokoa mimi, nikajidanganya nakuokoa wewe. Na wewe siku zile ndizo ulikuwa umebaki nazo.

Mama yake Edna nimemwambia jana. Hakunipiga. Alifunga mlango tu. Edna anatembea sasa, lakini anajishikilia ukuta. Vidonge vilivyobaki nimevipeleka kwa mfamasia wa wilaya na maelezo ya maandishi, na duka nimelifunga mpaka watakaponiita.

Kwa nini ulimwambia daktari ni wewe?

Maryamu


Sindeni
Ijumaa, 15 Septemba 2023

Maryamu,

Barua yako ilikaa juu ya kabati siku tano kabla ya kuijibu. Nilikuwa na hasira, na sitaki nikufiche. Bado ninayo.

Uliniuliza kwa nini. Nitakujibu kwa mpangilio.

Umesahau jambo moja. Mtu asiyesikia huwa anaandikiwa. Tarehe kumi na nane Julai, daftari langu, ukurasa wa thelathini na tatu, mwandiko wa Daktari Loyce: "Mzee, vidonge ni vingi na utaogopa. Kumi na viwili kila asubuhi. Usipunguze hata kimoja. Presha yako nimeipima, tutaiangalia." Alipigia mstari neno usipunguze. Twaha aliporudi na kibahasha chako nikakiweka kando ya ukurasa ule. Nikavimwaga vidonge kwenye sahani nikavihesabu. Kumi na vinne, mahali pa themanini na vinne.

Nilisoma namba zote mbili, mwanangu, nikachagua yako. Nikasema moyoni, daktari kanijua saa moja, huyu kanijua maisha yake yote, labda kuna jambo la mwili wangu ambalo yeye analijua na hataki kunitisha. Ningeweza kukuandikia swali la mstari mmoja. Twaha alikuwa hapo hapo anakunywa maji. Lakini kukuuliza ingekuwa kukwambia sikuamini, na wewe uko na mimba ya miaka sita ya kungoja. Nikameza viwili.

Baadaye nilikupa mlango. Barua ya tarehe ishirini na nane. Ukanijibu habari za miguu kuvimba. Nikaelewa kwamba hutasema, na daktari aliponiuliza mbele ya wanafunzi wake wawili sikuwa na jibu jingine la kumpa. Ningemwambiaje kwamba ni binti yangu?

Kwa hiyo hasira yangu nusu ni juu yako na nusu ni juu yangu. Wewe ulikuwa na simu, mimi nilikuwa na kalamu.

Sindano za Moshi nimeshapigwa mbili, imebaki moja. Wanazipitisha kwenye ngozi ya ndani ya sikio. Zinauma kidogo kisha unalala ubavu nusu saa. Walinieleza mapema kwamba nimefika nikiwa nimechelewa. Kilichobadilika mpaka sasa ni kwamba ule mvumo umeisha, kwa hiyo kimya sasa ni kimya kweli.

Nilimuuliza daktari wa kule, kama ningekunywa vyote tangu mwanzo ningepona? Akaniandikia kwamba hata wanaokunywa vyote wengi hawaponi. Angeandika ndiyo ningekulaumu nikamaliza. Angeandika hapana ningekusamehe siku hiyo hiyo. Sasa hatutajua, wewe na mimi, mpaka tunakufa. Hilo linaniamsha kitandani kuliko hata uziwi wenyewe.

Ulichokifanya kwa mama yake Edna na kwa mfamasia ni sawa. Usinitafute kwa sasa. Nipe muda kidogo.

Baba yako,
Mhina


Mkumbara
Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Baba, shikamoo,

Amezaliwa leo saa nne asubuhi, wa kike. Tumempa jina la mama, Mwanaisha. Ukasha alitaka kumwadhinia, nimemkatalia. Mama mkwe kakasirika anasema mtoto hakai hivi hivi. Twaha kaniahidi kesho asubuhi atakuwa mlangoni kwako na pikipiki, alete jibu au akulete wewe.

Najua uliniambia nisikutafute.

Maryamu


Sindeni
Ijumaa, 20 Oktoba 2023

Mwanangu Maryamu,

Nimefika salama. Mgongo unauma kwa pikipiki ya Twaha, lakini nimefika.

Sikukaa sana huko na sikusema mengi. Ile nyumba ilikuwa imejaa watu, wote midomo inachezacheza, nami nikachoka. Mtoto nimemwona. Ana paji la uso la mama yako. Nilipompakata alikuwa amefungua kinywa chote mpaka ufizi unaonekana, amekunja uso, ngumi zimekazwa. Nikajua analia. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia nikaadhini. Kwa miaka mingi nimeadhini kwenye masikio ya watoto wa watu, ni mara ya kwanza sijui nimesema vipi. Nilihisi koo tu.

Sindano ya tatu imepita na hakuna kitu. Daktari Loyce kaandika daftarini kwamba tuiache hapo. Mwandiko wake siku hiyo ulikuwa mdogo.

Hasira nimeichunguza. Imebaki kidogo, na nadhani hiyo nitazeeka nayo. Lakini nilipokuona umemshika mtoto, umekonda, huthubutu kuniangalia, nilitaka kukugusa kichwa mbele ya watu wote. Sikufanya. Nakuandikia sasa kwamba nilitaka.

Nina ombi moja. Ulikuwepo pale chumbani na una masikio mawili. Niandikie mjukuu wangu analiaje, na niandikie mimi nilisikika vipi. Nataka kujua yote, ya kupendeza na ya aibu. Usinipunguzie hata kimoja.

Baba yako,
Mhina


Mkumbara
Jumamosi, 28 Oktoba 2023

Shikamoo Baba,

Nimejaribu kuandika barua hii mara nne. Kila mara najikuta naondoa kitu, nachana, naanza upya. Hii sichani.

Mwanaisha halii kwa nguvu. Anaanza na kikohozi kidogo kikavu, mara mbili, kama mtu anayetaka ruhusa ya kusema. Halafu inakuja sauti nyembamba inayopanda, inakatika juu kabisa, anavuta pumzi kwa mkwaruzo, anarudia. Akiwa na njaa anaongeza mtetemo mwishoni. Akichoka inabaki kama mlango wa banda la mbuzi wako, ule usiotiwa mafuta. Hata sasa nikiandika, anafanya hivyo mgongoni kwangu.

Siku ile ulipompokea alikuwa amelia karibu nusu saa. Nyumba nzima tulikuwa tumechoka.

Ulipoanza kuadhini sauti yako ilikuwa kubwa mno, Baba. Ulikuwa kama unaita watu shambani. Mama mkwe alirudi nyuma. Wasichana wawili wa jirani waliangaliana, mmoja akaziba mdomo kwa khanga, alikuwa anacheka. Ukasha alimkazia macho akatoka nje. Katikati sauti ilikuvunjika, ikashuka chini, ikatoka kama ya mtu mwingine, halafu ikapanda tena pasipotakiwa kupanda. Ile sauti yako ya zamani, iliyokuwa ikitufikia mpaka kisimani alfajiri, sikuisikia. Nimeiandika hii kwa kuwa umesema yote.

Na hili hulijui. Mtoto alinyamaza. Ulipofika mstari wa pili tu alinyamaza, akafungua macho. Hakulia tena mpaka jioni. Kinywa kilibaki wazi, kwa hiyo naona ulidhani bado analia. Ulipomaliza ulianza kumtikisa ukimbembeleza, "nyamaza mama, nyamaza mama, babu yupo." Ulisema hivyo muda mrefu sana. Hakuna aliyekuwa anaongea tena chumbani, hata yule msichana aliyebaki. Ilikuwa ni sauti yako peke yake, na mtoto anakuangalia kimya.

Nilitaka kukugusa bega nikuonyeshe kwamba amenyamaza zamani. Nikanyanyua mkono. Halafu nikakuacha uendelee.

Mwanao,
Maryamu